Mshono Ndio Unaoamua: Uundaji wa Deraya ya Kwanza ya Stormtrooper

Deraya nyeupe ya askari wa Dola aitwaye Stormtrooper, iliyoonekana mara ya kwanza katika filamu ya Star Wars ya mwaka 1977, imekuwa mlango ambao wapenzi wengi wa mavazi ya sinema huupitia wanapoamua kujiundia deraya kwa mikono yao wenyewe. Anayenunua seti yake hapokei vazi, bali hupokea rundo la maganda ya plastiki ambayo hayajapunguzwa kingo, hayajaunganishwa na wala hayajapimwa kwa mwili wa mtu yeyote. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba tofauti kati ya deraya nzuri na deraya mbovu haitokani sana na seti yenyewe, bali hutokana na jinsi fundi anavyoishughulikia mishono, yaani mahali ambapo nusu mbili za kipande kimoja hukutana.

Sababu ya kuwapo kwa mishono hiyo imo katika namna deraya ya awali ilivyotengenezwa nchini Uingereza. Michoro ya mwanzo ilikuwa ya Ralph McQuarrie, mavazi ya filamu yakasimamiwa na John Mollo, na mchongaji Brian Muir akaichonga deraya ya mwili kwa udongo. Mwaka 1976 karakana ya Andrew Ainsworth, iliyokuwa Twickenham, ikayageuza maumbo hayo kuwa plastiki kwa njia ya ombwe. Katika njia hiyo, bamba la plastiki hupashwa moto mpaka likalegea, hulazwa juu ya kalibu, kisha hewa iliyo chini yake hufyonzwa, na kani ya hewa ya nje hulisukuma bamba lishike kila kona ya kalibu. Njia hii ni ya haraka na ya gharama nafuu, jambo lililowafaa watengenezaji wa filamu waliohitaji askari wengi kwa muda mfupi, lakini ina sharti moja lisiloepukika: plastiki ikishapoa ni lazima iweze kuvuliwa kutoka kwenye kalibu. Umbo lililofungika pande zote haliwezi kuvuliwa, na kwa hiyo mkono, paja na muundi, ambavyo vyote huzungukwa na deraya, havina budi kutoka vikiwa nusu ya mbele na nusu ya nyuma.

Plastiki inayotumika katika seti nyingi za leo ni ABS, kifupi cha akrilonitrili, butadieni na stireni, ambayo ni mchanganyiko mgumu usiovunjika kwa urahisi na wenye mng'ao wa kutosha kiasi kwamba sehemu kubwa ya vazi haihitaji kupakwa rangi. Unene wake ni kama milimita 2, ingawa hupungua pale bamba lilipovutwa sana, hasa kwenye kona na mabonde, na fundi hana budi kuzijua sehemu hizo kabla ya kuzigusa kwa msasa. Faida nyingine ya ABS ni kwamba huyeyuka katika asetoni na hushikana vizuri kwa gundi. Kinyume chake, baadhi ya helmeti za filamu ya kwanza zilitengenezwa kwa polithini nzito iliyopakwa rangi nyeupe, na polithini ni plastiki inayokataa gundi na rangi kwa ukaidi mkubwa.

Ukataji wa awali si kazi ngumu, ila unadai subira. Fundi huchora mstari kwa penseli, hupitisha kisu chenye makali juu yake mara kadhaa bila kukandamiza, kisha hulipinda bamba mpaka likatike lenyewe kwenye mfuo huo, na kwenye mikunjo hutumia mkasi mdogo wenye ncha zilizopinda. Kama fundi cherehani anavyoacha akiba ya kitambaa ndani ya pindo, ndivyo anavyopaswa kuacha akiba ya plastiki kila upande, kwa sababu kilichokatwa hakirudi. Mdomo mdogo unaojikunja kuelekea ndani kwenye kingo za nje huachwa pale unapoonekana, kwa kuwa ndio unaolipa bamba jembamba sura ya chuma kinene. Hata hivyo kwenye kifundo cha mkono na kwenye kiwiko ni afadhali uondolewe, maana hukata ngozi.

Baada ya hapo hufuata mshono wenyewe, na hapa ndipo kazi ilipo. Mvaaji huvaa kwanza vazi jeusi la ndani, kisha nusu mbili za paja, kwa mfano, huzungushwa mguuni na kushikizwa kwa tepu, zikipandana mpaka paja likae bila kubana na bila kuyumba. Fundi mgeni hushawishika kugawa ziada sawasawa mbele na nyuma, lakini huko ni kukosea. Kwenye mshono wa mbele kila nusu ina uwanda bapa, na uwanda huo hukatwa kwa kipimo kisichobadilika: ikiwa kibamba kitakachoufunika mshono kina upana wa milimita 20, kila nusu hubakishiwa milimita 10, ili kingo zikutane uso kwa uso bila kupandana na kibamba kikae katikati yake. Marekebisho yote ya unene wa mguu hufanywa nyuma, ambako jicho halidai usawa mkali kiasi hicho. Kwa desturi iliyotokana na kuchunguza mavazi ya filamu, vibamba vya mikononi huwa na upana wa milimita 15, vya mbele ya miguu 20, na vya nyuma 25. Kibamba cha pili hubandikwa kwa ndani, na hicho cha ndani ndicho kinachobeba nguvu. Cha nje hufunika tu. Muundi una kanuni yake ya pekee, kwani hufungwa kwa gundi mbele tu, na nyuma huachwa wazi na kushikizwa kwa velkro au kulabu, la sivyo mguu hautapita.

Kabla ya gundi, nusu zinapaswa kukutana zenyewe pasipo kulazimishwa. ABS huanza kulegea kwenye nyuzi joto 100 hivi za Selsiasi, kwa hiyo maji yaliyokaribia kuchemka yanatosha kuupinda ukingo mkaidi, mradi fundi avae glavu na aupoze ukingo huo akiwa ameushikilia. Mshono uliobandikwa ukiwa na mkazo utafunguka siku moja, na mara nyingi mvaaji akiwa anatembea mbele ya watu.

Kuhusu gundi, ushauri wa kweli kwa deraya ya kwanza ni gundi nzito ya jamii ya E6000, ambayo hukauka polepole na kubaki na ulaini wa mpira. Viungo hubanwa kwa sumaku na vibanio kwa siku moja au zaidi, na mvuke wake ni mkali, hivyo madirisha yawe wazi. Gundi ya haraka huacha kiungo kikavu kinachopasuka kwa mtikisiko wa hatua, na kiyeyushi huunganisha plastiki moja kwa moja bila njia ya kurudi nyuma. E6000 inaweza kuchunwa ikabanduka, na kwa anayejifunza hiyo ni rehema kubwa.

Vipande vikishaungana, huning'inizwa kwa lastiki na vifungo vya kubonyeza: bega hushikwa na kifua, mkono hushikwa na bega, paja hushikwa na mkanda wa kiunoni.

Helmeti nayo ina mshono, kati ya uso na kisogo, na kibamba chake ni masikio. Kila sikio lazima lifuate mikunjo ya helmeti ambayo, kwa kuwa ya awali ilichongwa kwa mkono, hailingani kushoto na kulia. Kwa hiyo sikio hupunguzwa kidogo kidogo, hujaribiwa, kisha hupunguzwa tena. Pengo dogo linalosalia hujazwa kwa uji wa mabaki ya ABS yaliyoyeyushwa katika asetoni, ambao ukishakauka kabisa husuguliwa kwa msasa laini wa maji na kung'arishwa hadi rangi yake ilingane na plastiki iliyouzunguka.