Uwanja usio na pipa la taka

Mwaka 2008, Chuo Kikuu cha Colorado kilichoko Boulder, Marekani, kiliondoa mapipa ya taka katika uwanja wake wa Folsom Field, unaoingiza watazamaji wapatao 50,000. Yakabaki mapipa ya aina mbili kwa watazamaji: la vitu vya kurejelezwa na la vitu vya kuoza. Mpango huo uliitwa Ralphie's Green Stampede. Ralphie ni nyati hai wa chuo hicho, ambaye hukimbia uwanjani pamoja na washika kamba wake mechi inapokaribia kuanza. Wakati huo hapakuwa na uwanja mwingine mkubwa wa michezo wa chuo nchini humo uliokuwa umethubutu.

Tukisikia habari za tukio la taka sifuri, wengi wetu huwaza mapipa ya rangi, mabango na vijana wa kujitolea wenye fulana zinazofanana. Hayo yapo, lakini yanakuja mwishoni. Hesabu yenyewe ni nyepesi: kama kila kinachouzwa ndani ya geti ama kinaoza ama kinarejelezwa, pipa la tatu linakosa kazi. Kwa hiyo kazi ngumu iko kwenye orodha ya manunuzi, wiki nyingi kabla filimbi haijapulizwa. Mwandaaji anakaa na mzabuni wa chakula na kumtaka aweke mezani kila anachompa mteja mkononi: kikombe, kifuniko chake, mrija, sahani, uma, karatasi ya kufungia soseji, leso.

Chukua kile kipakiti kidogo cha tomato. Kimetengenezwa kwa tabaka za plastiki na mara nyingi alumini, zilizogandishwa pamoja kiasi kwamba hakuna mashine ya kawaida inayozitenganisha. Ndani yake daima hubaki mchuzi. Hakirejelezwi, hakiozi, na kikiingia kwenye mabaki ya chakula hakuna atakayekiona mpaka mboji ichekechwe. Hakuna pipa la kukitatua. Dawa yake ni kutokinunua kabisa, na kuweka mezani madumu ya tomato yenye pampu. Paketi ya krispi ina ugonjwa huohuo, na tiba yake ni ngumu zaidi, kwa sababu mwenye chapa hakubali kirahisi kuuza bidhaa yake kwenye bakuli la karatasi.

Tatizo la pili ni kufanana. Kikombe cha plastiki ya kawaida na kile cha PLA, plastiki inayotengenezwa kutokana na wanga wa mahindi, vinafanana kama shilingi kwa ya pili. Ukiruhusu vyote viwili uwanjani umeshaharibu kazi, maana hata mchambuaji mzoefu atalazimika kukigeuza kikombe na kusoma maandishi ya chini. Kanuni ni kuchagua kimoja na kukikataza kingine kwenye mkataba, si kwa maombi.

Hapo ndipo mapipa yanapata maana. Yanakaa mawili mawili, kamwe si moja peke yake, kwa sababu mtu mwenye haraka hutupa kwenye tundu lililo karibu. Kwenye kila jozi anasimama mtu wa kuelekeza, ambaye kwa kweli anafanya kazi ya golikipa: kuzuia kabla kitu hakijaingia. Mifuko ya ndani ni angavu, ili anayeikusanya aone uchafuzi bila kuifungua. Mechi ikiisha, mifuko inamwagwa na kuchambuliwa kwa mikono, kisha inapimwa kwenye mizani. Mwandaaji asiyetenga fedha za hatua hii ya mwisho ajue kwamba namba atakazozitangaza ni za kukisia.

Nje ya geti mambo ni mengine. Kwenye maegesho, mashabiki wa Marekani huchoma nyama nyuma ya magari yao saa nyingi kabla ya mechi, na kila mmoja amekuja na sahani zake kutoka kwake. Pale huna orodha ya manunuzi ya kushika. Cha kufanya ni kugawa mifuko ya rangi mbili na kupita kuikusanya. Mabango peke yake hapo hayafui dafu.

Sasa tuje kwenye asilimia, maana hapa ndipo ninapokuwa na wasiwasi. Wanaoitwa wa taka sifuri ni wale wanaookoa angalau asilimia 90 ya taka zao zisiende jaani, na kipimo ni uzito. Chuo Kikuu cha Ohio State, chenye uwanja wa watu zaidi ya 100,000, kilianza mpango wake mwaka 2011, na katika mechi moja ya mwaka 2012 kilifikia asilimia 98.2. Ni kazi kubwa kwa umati kama huo. Lakini uzito una ujanja wake. Tuseme tukio moja limezalisha kilo 1,000, na 100 kati ya hizo zikaenda jaani. Limepata asilimia 90 na linapigiwa makofi. Lingine lenye watu idadi ileile limezalisha kilo 400 tu, 80 zikaenda jaani. Limepata asilimia 80 na limeshindwa. Hili la pili limetupa kidogo kuliko la kwanza kwa kila kipimo chenye maana. Kibaya zaidi, chakula kilichobaki ni kizito, kwa hiyo anayepika kupita kiasi na kupeleka masufuria ya wali kwenye mboji anapandisha asilimia yake. Ndiyo maana mimi ningetangaza kilo za taka kwa kila mhudhuriaji kwanza, na asilimia baadaye.

Na mzigo huo unakwenda wapi? Swali hili lilijibiwa kwa kishindo Colorado kwenyewe. Tarehe 1 Aprili 2023, kampuni ya A1 Organics, mtengenezaji mkubwa wa mboji wa ukanda huo, iliacha kupokea vikombe, sahani na vifungashio vilivyoandikwa kuwa vinaoza. Sababu zake zilikuwa za kiufundi kabisa. Pamoja na vifungashio halali vilikuja vioo na plastiki za kawaida zinazofanana navyo, na mboji yenye vipande vya plastiki hainunuliki. Zaidi ya hayo, wakulima wa kilimo hai nchini humo hawaruhusiwi kutumia mboji iliyotokana na plastiki hizo zinazooza. Kuna pia suala la muda: PLA inahitaji joto la karibu nyuzi 60, na viwango vya ubora vinaipa mpaka siku 180 kuoza, wakati mwenye lundo anataka liondoke mapema zaidi.

Kwa hiyo kikombe ambacho Machi kilikuwa mali, Aprili kikawa taka, bila yeyote uwanjani kubadilisha tabia. Funzo la kiufundi ni kwamba simu ya kwanza ya mwandaaji inapaswa kwenda kwa mwenye kiwanda cha mboji, na ya pili kwa mzabuni. Wengi huanza kinyume. Folsom Field ilikuwa na unafuu fulani, kwa kuwa tangu 2019 chuo kilianza kutumia vikombe vya alumini vya Ball, kampuni ya palepale Colorado. Alumini ikiyeyushwa upya hutumia takriban asilimia 5 tu ya nishati ya kuizalisha kutoka kwenye madini. Lakini bado kikombe hicho hunywewa mara moja na kuyeyushwa.

Huku kwetu vyuo vimo katika hali ya ajabu. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, Tanzania ikafuata Juni 2019, lakini kwenye mahafali bado kila kiti kina kichupa cha maji, na chakula kinazidi kuhamia kwenye maboksi ya kubebea. Wakati huohuo mpishi wa shughuli bado anakodisha sahani, vijiko na glasi kwa mamia, na anavihesabu kimoja kimoja wakati wa kuvipokea. Soda ya chupa ya kioo bado inakuja kwenye kreti, na kreti inarudi na chupa zake, la sivyo dhamana inaliwa. Kamati ya mahafali inayoandaa zabuni ingeweza kuanzia hapo: sahani za kukodi ziwe sharti, vichupa viondolewe na mahali pake pawekwe madumu ya maji na vikombe vya kurudishwa kwa dhamana ndogo, na mabaki ya chakula yawe na mpokeaji aliyetia saini, awe shamba la chuo au mfugaji wa jirani. Gharama ya ziada itakuwa kwa waoshaji, nayo iandikwe kwenye bajeti tangu mwanzo, kabla mtu hajasema kwamba maboksi ni rahisi zaidi.