Uhakiki wa Matangazo ya Wapangishaji wa Seva

Sisi walimu wa fasihi huwafunza wanafunzi wasiamini kila analosema msimulizi. Ajabu ni kwamba tunapotafuta mahali pa kuweka wiki, yaani tovuti ambayo watumiaji wenyewe huihariri, uhakiki huo tunauacha darasani. Tangu Baraza la Mawaziri la Uganda liidhinishe Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, haja ya istilahi na zana za kufundishia imekuwa kubwa, na wiki ni chombo kizuri cha kuzikusanya. Hebu basi tuyasome matangazo ya kampuni zinazopangisha nafasi kwenye seva kama tunavyosoma matini nyingine.

Dai la kwanza ni kwamba tovuti itapatikana kwa asilimia 99.9 ya muda. Ukipiga hesabu, asilimia 0.1 inayobaki ni karibu saa 9 kwa mwaka. Kwa wiki ya wanafunzi, huo si msiba. Dai la pili ni "nafasi isiyo na kikomo". Ukisoma masharti yaliyoandikwa kwa herufi ndogo, mara nyingi utakikuta kikomo kimejificha katika kifungu cha "matumizi ya kawaida". Jambo hili latuhusu, kwa kuwa wiki kwa kawaida huhifadhi kila toleo la kila ukurasa, hivyo hukua hata kurasa mpya zisipoongezwa.

Kasoro kubwa ya matangazo haya ni lile yasilolisema: siku ya kuondoka tutatoka na nini? Wikispaces, iliyoanza mwaka 2005 na kupendwa sana na walimu, ilifungwa kwa awamu kuanzia 2018. Asiyehamisha kurasa zake kwa wakati, kazi yake ilikwenda na maji. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la seva la kampuni ya OVH mjini Strasbourg, Ufaransa. Wapo wateja waliopoteza data zao kabisa, maana hata nakala za akiba zilikuwa papo hapo.

Kwa maoni yangu, vigezo vya kuchagua ni vitatu. Kwanza, turuhusiwe kuchukua nakala wenyewe, wakati wowote. Wiki inayoendeshwa kwa MediaWiki, programu ileile ya Wikipedia, ina sehemu mbili: hifadhidata yenye matini na historia yake, na folda ya picha na faili. Kunakili moja bila nyingine ni kubeba nusu ya mzigo. Pili, jina la tovuti lisajiliwe kwa idara. Wahadhiri huhama na hustaafu. Jina lisiondoke nao. Tatu, kabla ya kulipa, tuiulize kampuni namna ya kurejesha wiki iliyoharibika. Jibu lake, na siku litakazochukua kufika, litatueleza mengi kuliko tangazo.

Bei nayo isitupumbaze. Rahisi ghali, ni kweli, lakini hata ghali isiyo na mlango wa kutokea ni gereza. Popote tutakapopanga, nakala ya kila mwezi ihifadhiwe katika kompyuta ya idara. Akiba haiozi, ila sharti awepo wa kuiweka.