Ufundi wa Kukaa Mgongoni

Upande wa Zambia wa Ziwa Mweru, uvuvi hufungwa kila tarehe 1 Desemba na kufunguliwa Machi ikiingia. Kwa miezi mitatu nyavu huanikwa, samaki huzaliana, na barabara ya Mununga hupungukiwa na sauti yake, ule mlio wa keria za chuma zinazolia chini ya magunia ya chisense, dagaa wa huko. Marufuku ikiondolewa, mitumbwi hurudi ziwani na baiskeli hurudi barabarani. Mvua huwa hazijakatika bado. Tope hujaa kwenye madigadi hadi gurudumu linagoma, na penye mchanga mtu hushuka akasukuma. Mwanzo wa msimu Mununga ni tope, mzigo na miguu iliyosahau kazi.

Juma hilohilo, mbali kaskazini, hufunguka msimu mwingine. Huko Ubelgiji mbio za Omloop Het Nieuwsblad ndizo hufungua mashindano ya masika, na tangu 2006 wanawake wana zao. Mwaka 2025 ziliangukia tarehe 1 Machi yenyewe. Kikundi kidogo cha wanawake wasio na majina makubwa kilichomoka mapema. Timu zenye nguvu zikabaki kutazamana: hii ikingoja ile ifukuze, ile ikingoja hii. Pengo likapita dakika 10, wala halikuzibwa. Mshindi akawa Lotte Claes, Mbelgiji ambaye wachache sana wangemtaja asubuhi ile. Nyuma yake iliwasili miguu yenye nguvu kuliko yake, ikiwa na akiba tele. Akiba ya miguu, mstari wa mwisho ukishavukwa, haina mnunuzi.

Anayetazama mbio za baiskeli kwa mbali hudhani ni mashindano ya mapaja. Mapaja yanahitajika, hilo halina ubishi. Lakini adui wa mwendesha baiskeli kwenye tambarare ni hewa, na hewa ina hila: ukiongeza mwendo mara mbili, ukinzani wake huongezeka mara nne. Ndiyo maana anayetangulia hulipa na anayefuata hupunguziwa. Mwaka 2018 mtafiti Bert Blocken na wenzake walipima kundi la waendeshaji 121 na kukuta kwamba walio katikati kabisa hukabiliwa na asilimia 5 hadi 10 tu ya ukinzani ambao kila mmoja wao angekutana nao akiwa peke yake kwa mwendo uleule. Mtu anaweza kwenda kasi ya kutisha huku akipumua kama anayesukuma baiskeli kwenda kisimani.

Hapa Kiswahili cha ng'ambo ya ziwa kina neno la kupendeza. Kwa wasemaji wa Kibemba wa Luapula, upande wa Zambia, baiskeli ni incinga. Vuka maji uingie Katanga, kwenye Kiswahili cha Kongo, utasikia ikiitwa kinga. Msemaji wa pwani atacheka, kwa kuwa kwake kinga ni kizuizi, ni ngao. Basi acheke, lakini akiingia kwenye kundi la mbio ataona Wakongo hawakukosea sana: baiskeli iliyo mbele yako ndiyo kinga yako, na wewe ni kinga ya anayekufuata.

Ufundi wenyewe wa kujikinga hufunzwa kwa woga. Mwanamke wa ridhaa anayejipanga kwa mara ya kwanza katika mbio za mwanzo wa msimu huambiwa akae mgongoni mwa mwenzake, gurudumu lake la mbele nyuma ya la mwenzake kwa upana wa shubiri mbili. Jambo la kwanza analofanya ni kukodolea macho tairi lililo mbele yake. Hilo ni kosa. Tairi halisemi kitu mpaka uchelewe. Kinachosema ni kiuno: kabla mtu hajasimama kwenye pedali kiuno chake hukazika, na akisimama baiskeli hurudi nyuma kidogo, kiasi cha kiganja, kinachotosha kumwangusha anayemfuata kizembe. Kwa hiyo hutazama kiuno na mabega, na kwa juu ya mabega hutazama barabara. Vidole viwili hukaa kwenye breki bila kubana. Akiona anakaribia mno habani. Hujitokeza kidogo pembeni, upepo umpunguze kasi, kisha hurudi. Na hata siku moja gurudumu lake la mbele halipaswi kulala ubavuni mwa gurudumu la nyuma la mwenzake, kwa sababu yakigusana anayeanguka ni aliye nyuma, na walio nyuma yake humfuata chini mmoja baada ya mwingine.

Upepo ukivuma kutoka ubavuni, mgongo hausaidii tena. Hapo kundi hujipanga mshazari, kila mmoja akiwa nyuma kidogo na pembeni kidogo, kwa upande usio na upepo. Barabara ikiisha upana, nafasi zimeisha. Atakayechelewa atabaki ukingoni, anapigwa upepo kama pazia, na baada ya dakika chache anatazama migongo ikienda zake.

Kuachwa hivyo ni sehemu ya masomo. Mbio za mwanzo wa msimu zina huruma ndogo: wote wametoka kwenye miezi ya mvua au ya baridi, wote wamejidanganya kidogo kuhusu mazoezi yao, na kilomita kumi za kwanza hufichua kila uongo. Pumzi huwa juu. Mate huwa na ladha ya chuma. Ajabu ni kwamba mara nyingi anayedumu ni yule aliyejificha vizuri, aliyekataa kuongoza pale ambapo kuongoza hakukuwa na faida, akala ndizi yake mapema kabla njaa haijamjia. Mwenye nguvu nyingi anaweza kuwa ameachwa zamani.

Turudi Mununga, karibu na pale Mto Kalungwishi unapoingia ziwani. Nusu ya ufundi huu iko huko tayari, na haikuletwa na kocha. Baiskeli iliyobeba gunia nyuma haipandwi kwa kuzungusha mguu juu ya tandiko, maana gunia limeziba. Hupandwa kwa kupitisha mguu mbele, juu ya mtaimbo wa fremu, na aliyevaa chitenge hufanya hesabu nyingine kabla ya hiyo: pindo lipandishwe na kuchomekwa kiunoni upande wa kulia, upande wa cheni, lisije likamezwa. Likimezwa, usivute. Rudisha pedali nyuma taratibu, cheni italitapika lenyewe, jeusi kwa grisi lakini zima.

Mzigo nao una adabu yake. Gunia likikaa nyuma sana, gurudumu la mbele huwa jepesi na usukani huanza kutangatanga. Likipanda juu sana, kila kona hulitikisa kama mlevi. Linatakiwa liwe chini, karibu na tandiko, limefungwa kwa mikanda iliyochanwa kutoka tyubu kuukuu na kuvutwa mpaka inalia. Kabla ya mchanga, tairi hupunguzwa upepo kidogo ili lijitandaze. Kipimo ni kidole gumba. Aliyekua akifanya haya ana mizani ambayo bingwa wa Ulaya huitafuta kwa miaka, kwani amejifunza kuituliza baiskeli inayotaka kuanguka. Nusu anayoikosa ni ile isiyopatikana ukiwa peke yako. Mwenye samaki huendesha kwa wakati wake, mbele ya jua lake, akisalimiana na anaopishana nao. Kukaa shubiri mbili nyuma ya mtu kwa mwendo wa kasi hakuna biashara inayokufundisha. Hufundishwa na mashindano tu.

Mtu anaweza kupinga kwa kumtaja Beryl Burton, na ni pingamizi zuri. Mwingereza huyu alibaki wa ridhaa maisha yake yote, akifanya kazi kwenye shamba la mboga huko Yorkshire, kuinua na kubeba. Alikuwa bingwa wa dunia wa barabarani mara mbili, 1960 na 1967. Mwezi Septemba 1967 aliendesha saa 12 peke yake na kufikisha maili 277.25, yaani kilomita 446, umbali ambao hakuna mwanamume wa nchi yake aliyekuwa ameufikia. Njiani alimkuta Mike McNamara, mwanamume aliyekuwa anavunja rekodi ya wanaume siku hiyohiyo. Alipokuwa akimpita alimnyooshea peremende. McNamara akaipokea, akaila. Katika mashindano ya aina hiyo kukaa mgongoni mwa mtu ni marufuku, kila mmoja na hewa yake, kwa hiyo Burton hakuhitaji kinga ya yeyote. Lakini Burton huzaliwa mmoja. Ufundi upo kwa ajili yetu sisi wengine.

Tena wengine hao ni wengi, ila kwanza wapate baiskeli. Zambia inajua hili kwa takwimu. Katika Mkoa wa Kusini, wasichana wa shule za msingi waliokaa zaidi ya kilomita 3 kutoka shuleni walipewa baiskeli nzito za chuma, zile zinazotengenezwa kubeba kilo 100 nyuma, na watafiti wakawalinganisha na wenzao ambao hawakupewa. Muda wa safari ulipungua kwa takriban theluthi moja, na utoro kwa asilimia 28. Hakuna aliyekuwa akitafuta mabingwa pale. Ila msichana anayekwenda na kurudi shuleni kwa baiskeli kila siku ya muhula amekwisha kufanya mazoezi ambayo vilabu vya mjini huyalipia.

Njia ya kutoka hapo hadi juu imekwisha kupitwa. Mwaka 2015 Jeanne d'Arc Girubuntu wa Rwanda alisimama kwenye mstari huko Richmond, Marekani, mwanamke wa kwanza Mwafrika mweusi kushiriki mashindano ya dunia ya barabarani. Miaka kumi baadaye mashindano hayo yakaja kwao: Kigali, Septemba 2025, mara ya kwanza kwa Afrika. Mwaka huohuo, kwenye Tour de France ya wanawake, Kimberley Le Court wa Mauritius alikuwa ameshinda hatua moja na kuvaa jezi ya njano.

Siku ya wanawake Kigali ilikuwa tarehe 27. Kilomita 164.6, mizunguko 11, na kila mzunguko ukipanda mawe ya Kimihurura, kilomita moja na ushei ya mlima wenye mawe yanayotikisa meno. Mwishoni ilirudi hadithi ya Omloop, safari hii kwenye vilima vya Rwanda. Demi Vollering na wenye majina wenzake wakatazamana. Waliokuwa mbele yao wakazidi kwenda, na katika upandaji wa mwisho wa Kimihurura Magdeleine Vallieres wa Kanada, mwenye umri wa miaka 24, akawaacha hata hao aliochomoka nao. Hadi siku hiyo ushindi wake mmoja wa kulipwa ulikuwa Trofeo Palma Femina ya Januari 2024, huko Mallorca. Ni mbio za mwanzo kabisa wa msimu, za siku moja, ambazo wakubwa wengi huzipita bila kuzitazama.

Mbio ndogo za mapema hudharauliwa hivyo, kumbe ndimo watu hujifunza lini watulie na lini wachomoke. Katika mbio kubwa hakuna anayekupa nafasi ya kukosea. Kanda ya Ziwa Tanzania wanalielewa hili nusu. Mwanza na Shinyanga mbio za baiskeli ni sikukuu, na kundi la wanawake lipo, lakini desturi ya mashindano mengi ya huku kwetu ni kuwakatia wanawake kipande kifupi kuliko cha wanaume. Umbali mfupi huwapa ushindi wenye nguvu za ghafla. Haumpi mtu nafasi ya kujificha, kuhesabu, kuachwa na kurudi. Wanaokata kipande hicho hudhani wanaonea wanawake huruma. Wanawanyima shule.

Basi kwa yeyote atakayepanga mashindano kandokando ya Mweru mvua zikishakatika, barabara ikiwa imekauka na vumbi bado halijawa jingi: waache wanawake waanze asubuhi, watazamaji wakiwapo, si baada ya wanaume kumaliza na watu kwenda kula nshima, ugali wa huko. Wape umbali wa saa mbili kwa uchache. Ruhusu baiskeli za keria, keria zikiwa tupu. Jioni ya kuamkia siku yenyewe wakusanye, uwaeleze kwamba kukaa mgongoni mwa mwenzako si wizi, ila kutopokezana zamu ya kuongoza ni uchoyo, na kila mmoja ajizoeze kumfuata mwenzake kutoka mti huu hadi ule kabla giza halijaingia. Na pampu iwepo kwenye mstari wa kuanzia, pamoja na mtu wa kuitumia.