Skrini ya Kuingilia Yenye Mdomo Mwepesi

Washa kompyuta ya Linux Mint inayotumiwa na watu kadhaa. Kabla hujaandika herufi hata moja, majina yao kamili yako mbele yako, na ukiyapitia moja moja picha ya nyuma hubadilika kumfuata unayemgusa. Huyu kaweka wanawe, yule harusi yake. Nenosiri bado halijaulizwa.

Wengi wakitaka kuyaficha huingia kwenye akaunti zao, hupekua mipangilio ya faragha weee, wakitoka wanakuta orodha iko palepale. Lazima iwe hivyo. Skrini ile huchorwa na programu iitwayo Slick Greeter, chini ya LightDM, programu inayosimamia kuingia, wakati hakuna mtu aliyeingia. Hutumia akaunti yake yenyewe, iliyopewa jina lightdm. Kwa kompyuta, huyo ni mtumiaji mwingine kabisa, na mipangilio yako haimhusu.

Kwa hiyo amri hutolewa ngazi ya mfumo, kwa nenosiri la msimamizi. Katika faili la /etc/lightdm/lightdm.conf, chini ya sehemu ya Seat, huwekwa mistari miwili:

greeter-hide-users=true
greeter-show-manual-login=true

Wa kwanza unaficha orodha, wa pili unaleta kisanduku cha kuandika jina kwa mkono. Picha za nyuma zina faili lao, slick-greeter.conf, kwenye folda hiyohiyo: draw-user-backgrounds=false. Asiyependa kuhariri faili atumie dirisha la mipangilio ya kuingia lililomo kwenye menyu ya Mint; kazi ni ileile. Ila hifadhi kazi zako kwanza, maana ili mabadiliko yashike LightDM huwashwa upya, na hilo hufunga kila kitu kilichokuwa wazi.

Akaunti ya mgeni mimi naizima bila kujadiliana na mtu: allow-guest=false. Kwenye Ubuntu 16.10 na 17.04, zilizokuwa zikitumia LightDM, mgeni alipaswa kuzuiwa na mfumo wa ulinzi wa AppArmor asifike kwenye mafaili ya wenyeji. Kumbe baada ya kuhamia systemd, programu inayoendesha huduma za mfumo, kizuizi kile kilikuwa hakishiki, na mtu asiye na nenosiri lolote aliweza kuingia kwenye folda za wengine. Mwaka 2017 Ubuntu ikaamua kuizima huduma hiyo.

Haya yote hayamzuii mwenye flashi ya kuwashia kompyuta. Huyo hapiti mlango wa LightDM hata kidogo. Dawa yake ni kusimba diski kwa LUKS, ambayo hudai nenosiri kabla skrini ya majina haijatokea.

Tena, skrini ya kufunga ni programu nyingine. Kwenye Cinnamon, ukifunga kompyuta ukaenda kunywa chai, jina lako linabaki juu ya skrini hata kama umeficha orodha. Penye kompyuta ya watu wengi, ni heri kutoka kabisa kwenye akaunti.