Solo iliyomezwa na mtumbwi

Alhamisi usiku, chumbani mwake Lubutu, mpiga solo alikibonyeza kitufe cha kuhifadhi cha ampli yake, akakishikilia, akaridhika. Harusi ya Jumamosi ikawa imeshaharibika papo hapo. Waliokuwepo uwanjani hawahitaji kusimuliwa: ngoma zilisikika, besi ilisikika, mwimbaji alisikika, na pale solo ilipotakiwa kuingia kukawa na mngurumo. Sebene ilipoanza, kijana mmoja alimwinamia mpigaji akamuuliza, "Yaya, gitare iko wapi?"

Ampli yenyewe haina lawama. Ni Boss Katana ya wati 50, mojawapo ya zile za kidijitali zinazoiga tabia za ampli nyingine, yenye spika moja ya inchi 12 na swichi ya nguvu ya ngazi tatu: nusu wati, 25 na 50. Kelele ya konvertisa ya sola aliizima vizuri, na mkono wake wa kulia ni safi kama kawaida.

Tatizo ni ile nusu wati. Watoto walikuwa wamelala, kwa hiyo alijaribu kila kitu kwa sauti ya chini. Gitaa likamjia jembamba. Akapandisha besi karibu na mwisho, akapandisha trebo vilevile, kisha akaishusha sauti ya kati hadi jirani ya sifuri. Chumbani ikawa tamu, hilo halina ubishi. Lakini utamu ule ulikuwa wa sikio lake kwa saa ile, na yeye akauhifadhi kama vile ni wa ampli.

Tangu mwaka 1933 Fletcher na Munson, watafiti wa maabara za Bell huko Marekani, walionyesha kwamba sauti ikiwa ndogo, sikio hupoteza besi kuliko linavyopoteza sauti ya kati. Ndiyo maana mtu aliye chumbani hutamani kuongeza besi. Kutoka nusu wati hadi wati 50 nguvu imezidishwa mara 100, yaani desibeli 20 zaidi. Hapo sikio linairudisha besi lenyewe, bila kuombwa, na ile aliyoiongeza Alhamisi inakuja juu yake kama mzigo wa pili. Trebo nayo haikumsaidia kitu, maana spika ya gitaa ya inchi 12 huanza kuchoka ikipita hezi 5,000 hivi.

Na solo hukaa wapi? Uzi wa kwanza, freti ya 12, ni hezi 659. Sehemu kubwa ya sebene huchezwa jirani na hapo, juu kidogo au chini kidogo. Ni eneo lilelile alilolikata. Alilolijaza, huku chini, lina mwenyewe: mpiga besi, akisaidiwa na ngoma kubwa. Mtu amehama nyumba yake kwa hiari, kisha anashangaa kukuta ya jirani imejaa.

Safu hii ina ugomvi wa zamani na umbo hilo la mtumbwi: ncha mbili, besi na trebo, juu, na tumbo, sauti ya kati, chini. Lilianzia kwenye redio-kaseti zenye vitelezi vitano, ambapo kila kijana wa mtaa aliviweka hivyohivyo na hakuna aliyethubutu kuvigusa. Kaseti ilivumilia, kwa kuwa fundi wa studio alikuwa amekwisha kupanga vyombo. Uwanjani hakuna fundi huyo.

Sikiliza "Indépendance Cha Cha", iliyorekodiwa Brussels mwaka 1960. Solo ya Docteur Nico iko katikati kabisa, kaka yake Dechaud anamshikia ritimu, Brazzos yuko chini na besi, na hakuna anayemkanyaga mwenzake. Au njoo karibu na nyumbani: Remmy Ongala, mwana wa Kindu, aliyekwenda Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy. Baadaye, akiwa na Super Matimila, magitaa yalisukana kama ukili na kila moja likasikika. Hawakuwa na ampli ya kuiga chochote. Walikuwa na masikio, na walifanya mazoezi pamoja.

Watakaomtetea mpiga solo wetu watataja kundi la Konono No. 1: mbona likembe zao zinakwaruza na dunia ikazipenda? Zinakwaruza, ndiyo. Lakini wale wa albamu "Congotronics" ya mwaka 2004 walitumia sumaku za vipuri vya magari chakavu na vipaza sauti vya pembe, na pembe ya namna hiyo haina besi ya maana wala trebo ya maana. Inachotoa karibu chote ni sauti ya kati. Huo ni ushahidi wa upande wa mashtaka.

Na ile korasi ya ampli yake, ya kuyumbisha sauti, kwa kupita tu: akome kuiita JC. Roland JC-120 ya mwaka 1975 ina spika mbili, moja ikitoa sauti kavu na nyingine iliyoyumbishwa, na mchanganyiko hutokea hewani kati ya spika hizo na msikilizaji. Spika moja haiwezi kufanya hivyo.

Alichopaswa kufanya kilihitaji dakika kumi za mchana: ampli itolewe uani, swichi iwekwe wati 25, mpiga besi aitwe, na sauti ya kati ipandishwe mpaka solo ipenye bila kuongeza sauti kuu. Mambo ya chumbani yangebaki kwenye paneli bila kuhifadhiwa.

Kabla ya keki kukatwa, mpiga besi alichoka. Akainama, akabonyeza kitufe cha paneli, akazungusha sauti ya kati kupita nusu na kushusha besi. Gitaa likarudi katikati ya wimbo, na akina mama wa mstari wa mbele wakageuka kutazama limetokea wapi. Hakuna aliyekumbuka kuhifadhi. Kipimo cha Alhamisi bado kimo kwenye chaneli ya kwanza, na bendi ina harusi nyingine mwisho wa mwezi.