Wanaolala au Wanaokula?

Swali la kwanza kwenye dodoso langu niliona ni la kupasha moto tu: kaya hii ina watu wangapi? Mama lishe wa Manzese niliyemuuliza hakuinua macho kwenye sufuria. “Wanaolala au wanaokula?”

Sensa ya Tanzania ya 2022 ina jibu lake: walihesabiwa waliolala hapo usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Kwa kuhesabu watu zaidi ya milioni 61, ni namna yenye maana. Lakini kwa mama huyu waliolala walikuwa wanne na waliokula tisa. Kulikuwa na mpwa aliyehamia kwa rafiki yake aliye karibu na kituo cha daladala, akarudi kila jioni kufuata ugali. Kulikuwa na kijana wa jirani ambaye kwao hapakuwa na wa kumpikia. Na aliyelipa kodi ya chumba hakulala pale wala hakula. Muhula mzima tulikuwa tumebishana darasani Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuhusu maana ya familia, na hakuna aliyefika hapo.

Ukisema unasoma shahada ya uzamili ya sosholojia, watu huuliza kama ndiyo ile ya ustawi wa jamii, kisha huuliza utaajiriwa wapi. La kwanza nina jibu lake.

C. Wright Mills, Mmarekani aliyeendesha pikipiki kwenda kufundisha, alimalizia kitabu chake cha mwaka 1959 kuhusu fikra za kisosholojia kwa kiambatisho kinachoieleza kazi hii kuwa ni ufundi: weka jalada, andika kila siku, usitenganishe kazi na maisha yako. Nilikisoma mwaka wa kwanza nikaona ni maneno ya mtu mwenye nafasi. Nilikielewa nilipokaa na kinasa sauti na kuanza kunukuu mahojiano.

Kabla ya hapo ni barua. Chuo kinakutambulisha mkoani, mkoa wilayani, wilaya kwa mtendaji wa kata, mpaka umfikie mwenyekiti wa mtaa, na kila meza ina mhuri wake. Tuyaache hayo.

Saa moja ya mazungumzo na mama lishe yule ilinichukua saa sita kuinukuu. Unasikiliza, unarudisha nyuma, unaandika maneno matano, unarudisha tena. Unaandika “mh”. Unaandika kikohozi, kilio cha mtoto, mteja aliyekuja kudai chenji katikati ya habari ya msiba. Mwanzoni nilivifuta vyote hivyo kama takataka. Msimamizi wangu akanirudishia karatasi na swali moja pembeni: alinyamaza kwa muda gani? Ikabidi nirudi kwenye sauti na kuhesabu. Sekunde kumi na moja. Nilikuwa nimemuuliza kuhusu mume wake, akanyamaza, kisha akasema, “Tunamshukuru Mungu.”

Sisi tunajua sentensi hiyo ina nini ndani. Ni ile ile ya “salama tu, ila tumefiwa”. Kwetu jibu la kwanza ni adabu, na habari yenyewe hufuata ukimpa mtu muda. Dodoso halimpi muda huo. Linaandika “salama” na kwenda swali linalofuata. Na kinasa sauti hakina huruma: mara nne katika mazungumzo yale nilijisikia mimi mwenyewe nikimkatiza, kila mara pale pale alipokuwa anaelekea kusema.

Mwanasosholojia W.E.B. Du Bois alipita nyumba hadi nyumba katika Kata ya Saba ya Philadelphia, akaishi humo humo, na kitabu chake kikatoka mwaka 1899. Weusi wenzake hawakufurahia kuchunguzwa. Marja-Liisa Swantz, Mfini aliyeishi Bunju na Wazaramo miaka ya 1960, baadaye alishikilia kwamba wanakijiji nao ni watafiti wa maisha yao. Wote wawili nawaheshimu kwa jambo moja la kawaida kabisa: walikaa.

Kisha kuna tafsiri. Tasnifu yangu ilitakiwa iwe ya Kiingereza. Mama alisema, “Natafuta riziki,” nami nikaandika neno la Kiingereza lenye maana ya kipato. Hesabu zilikubali, sentensi ikafa. Kipato unakipata wewe. Riziki unaitafuta wewe lakini kuna mwingine anayeigawa, na mwenye riziki haba hajawa mzembe. Nililirudisha neno lenyewe, kwa Kiswahili, na kulieleza kwa ukurasa mzima. Ndio ukurasa pekee wa tasnifu ile ambao bado ninaupenda.

Kuna kipande ambacho sikukinukuu, kwa kuwa ridhaa aliyoitia saini mama iliishia kwenye swali la mwisho. Nilikuwa nimeshaaga na kushukuru, nikasahau kuzima mashine. Anasikika akiniuliza, “Umekula?” Ninasikika nikijibu kwamba nimeshakula, na si kweli. Hasemi kitu. Kifuniko cha sufuria kinafunguliwa, kisha sahani inawekwa mezani.