Namna ya Kumpima Daktari wa Viungo

Maumivu ya viungo yakizidi, watu wengi hukimbilia kuuliza nani bingwa mkubwa mjini. Ubingwa hauna maana usipolingana na ugonjwa, kwa hiyo yachunguze kwanza maumivu yako mwenyewe.

Maumivu yanakuelekeza kwa nani?

Goti au nyonga ikiuma unapoitumia na kutulia unapopumzika, na asubuhi ikakakamaa kwa muda usiozidi nusu saa, mara nyingi gegedu limelika. Daktari wa kawaida akishirikiana na mtaalamu wa fiziotherapia wanatosha kuanza nao. Bingwa wa mifupa, kama wale wa Taasisi ya Mifupa (MOI) pale Muhimbili, unamhitaji pale upasuaji unapoanza kufikiriwa.

Vidole vya mikono yote miwili vikivimba, na asubuhi vikakataa kukunjika kwa saa nzima au zaidi, huenda kinga ya mwili inashambulia utando wa viungo, yaani baridi yabisi. Mwenye dalili hizi si mgonjwa wa kupasuliwa kwanza. Tafuta bingwa wa rumatolojia. Na kwa kuwa ni wachache mno Afrika Mashariki, bingwa wa magonjwa ya ndani aliyezoea baridi yabisi atakufaa. Usichelewe, maana dawa za kuzuia uharibifu hufanya kazi vizuri zaidi zikianzwa ndani ya miezi 3 ya kwanza.

Kiungo kimoja kikivimba ghafla, kikawa cha moto, nawe una homa, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usaha ndani ya kiungo huharibu gegedu kwa siku chache tu.

Mtazame anavyokuchunguza

Daktari mzuri huuliza kabla ya kuandika. Atataka kujua maumivu huja saa ngapi, yameanzia wapi, una vidonda vya tumbo, presha au shida ya figo, na umetumia dawa gani, zikiwamo za duka la dawa na za mitishamba.

Kisha atatumia mikono. Atabonyeza kifundo kimoja kimoja cha vidole vyako kwa kidole gumba, atakuvua viatu, atakutazama ukitembea. Umelalamikia goti, naye atazungusha na nyonga, kwa sababu maumivu ya nyonga hushukia gotini. Anayekuandikia dawa bila kukugusa kiungo kinachouma, usimpe mwili wako.

Vipimo viwe na sababu

Picha ya eksirei ya goti lililolika hupigwa ukiwa umesimama, ili uzito wa mwili uonyeshe nafasi iliyobaki kati ya mifupa. Kipimo cha damu cha baridi yabisi kinaweza kusema huna ugonjwa ilhali unao, na asidi ya yuriki inaweza kuonekana ya kawaida katikati ya shambulio la jongo. Daktari hodari anayajua hayo, na hakufukuzi kwa sababu tu karatasi imetoka safi.

Dawa ndizo zinazomfichua

Predinisoloni huondoa maumivu haraka sana, na hapo ndipo wagonjwa wengi hudanganyika. Daktari makini hukwambia utaitumia hadi lini na itapunguzwaje, na hukuonya usiikatize ghafla. Sindano ya kila mwezi isiyotajwa jina ikatae, hata kama jirani anaisifia. Diklofenaki nayo haiandikwi kwa mazoea, kwani huumiza tumbo na figo.

Akikuanzishia methotreksati, mojawapo ya zile dawa za kuzuia uharibifu, msikilize kwa makini zaidi. Kwa viungo humezwa mara moja kwa wiki. Ukiinywa kila siku inaweza kukuua. Daktari anayestahili imani yako atakuandikia siku yenyewe kwa maneno, atakupa asidi ya foliki, atapanga vipimo vya damu na ini, na atamuuliza mwanamke kama ana mpango wa kupata mimba.

Hukumu yako

Kabla ya kutoka chumbani uliza mambo matatu: ugonjwa unashukiwa kuwa upi, tutajuaje kama dawa inafanya kazi, na nirudi lini. Asiye na jina la ugonjwa bado anaweza kuwa daktari mzuri, ilimradi akwambie anatafuta nini na, akifika ukomo wake, akupe rufaa. Akikasirishwa na maswali hayo, omba nakala za vipimo na picha zako, uende kwa mwingine mapema, viungo vyako vikiwa bado vinaokoleka.